Meza ya Kukatia: Kitambaa, Bendera na Bango katika Historia ya Bagamoyo

Historia ya Bagamoyo tumezoea kuisimulia kwa majengo. Mgeni huonyeshwa magofu ya Kaole, Ngome Kongwe, boma la Wajerumani, kanisa la misheni ambako mwili wa Livingstone ulilazwa usiku mmoja mwaka 1874, na milango ya nakshi katika mitaa ya Mji Mkongwe. Majengo hayo yanastahili heshima, na tangu mwaka 2006 Tanzania imeiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya urithi wa dunia. Hata hivyo, jengo lina kasoro moja kama shahidi: hutueleza nani alikaa ndani kwa urahisi zaidi kuliko linavyotueleza nani alifanya kazi.

Katika makala haya naomba tuitazame historia hiyo kwa kupitia samani ya kawaida kabisa, yaani meza ya kukatia vitambaa na mabango. Hoja yangu ni kwamba kwa takribani karne mbili, mamlaka katika pwani hii yamekuwa yakitangazwa kwa kitambaa, na kila kitambaa kilichotangaza mamlaka kilipimwa na kukatwa na mtu fulani kabla hakijainuliwa juu. Anayeshika kipimo ana sauti katika jambo hilo, ajue asijue. Wahenga wa pwani walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wakizungumzia vyombo vya bahari, lakini usemi huo unafaa pia kwa chochote kinachopepea.

Mkono, shuka na doti

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyokwenda Tabora na Ujiji. Tukizungumzia misafara, akili zetu huenda kwenye pembe na watumwa waliokuja pwani. Tunasahau kilichokwenda bara. Kwa sehemu kubwa kilikuwa kitambaa: merikani, yaani nguo ya pamba isiyopaushwa iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kufika Zanzibar kwa meli za Salem, na kaniki ya buluu iliyotoka India. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na katika miongo iliyofuata nguo hiyo ikawa kama fedha ya bara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokatiza usafirishaji, nguo za Uingereza na za Bombay zilichukua nafasi, lakini jina likabaki. Hata leo mshonaji wa pwani akikuambia kata marekani, hazungumzii siasa za nje.

Fedha ya kitambaa ina sharti moja ambalo sarafu haina: lazima ikatwe. Burton aliyesafiri mwaka 1857 na Stanley aliyeondoka Bagamoyo mwaka 1871 wote wawili waliandika kwa kirefu juu ya vipimo, kwa sababu asiyevijua aliliwa mali yake. Mkono ulipimwa kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilifanya shuka, sawa na yadi 2 hivi. Shuka mbili zilifanya doti. Jora la merikani lilikuwa na yadi 30 hivi, na mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila 2, yaani kilo 32 au zaidi kidogo. Kabla msafara haujaondoka, kitambaa kilihesabiwa, kikapangwa kwa doti, kikakunjwa, kikashindiliwa na kufungwa kwa kamba.

Tafakari kidogo juu ya kipimo cha mkono. Mkono wa nani? Mtu mrefu akipima, mpokeaji hufaidi. Mfupi akipima, mtoaji hufaidi. Hongo ililipwa kwa doti, na mpagazi alipewa posho, mara nyingi kwa kitambaa au shanga, ili akajinunulie chakula njiani. Kwa hiyo kila mahali palipokunjuliwa jora palikuwa mahali pa mabishano, na aliyeshika wembe au mkasi alikuwa akigawa haki, si nguo tu. Watumishi wa umma wanaonisoma watatabasamu kwa neno posho. Halijabadilika sana. Lililobadilika ni kwamba siku hizi posho hutolewa ukumbini, na kitambaa kimehamia ukutani nyuma ya meza kuu, kikiwa na jina la semina, tarehe na nembo ya mfadhili.

Vipimo hivyo navyo havijafa. Doti ingali hai katika kila duka la kanga, kwa kuwa kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyounganika ambavyo mnunuzi huvitenganisha na kuvipinda. Na kanga ni kitambaa chenye maneno. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 jina la kanga limewapa wanawake wa pwani njia ya kusema hadharani ambayo hakuna liwali wala mkuu wa wilaya aliyeipangia ratiba. Mwanahistoria wa mabango ya Afrika Mashariki akitafuta mwanzo wake, namshauri aanzie hapo.

Mlingoti wa mwaka 1888

Ipo siku ambapo kitambaa kiliacha kuwa bidhaa katika pwani hii kikawa chanzo cha vita. Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said alilipatia Shirika la Kijerumani la Afrika Mashariki haki ya kuendesha utawala wa ukanda wa pwani. Mkataba ulisema kwamba utawala huo ungefanywa kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Mwezi Agosti maofisa wa shirika walipofika katika miji ya pwani walitaka bendera ya shirika ipandishwe. Pangani ndiko ugomvi ulikowaka zaidi. Kisha ukanda mzima ukalipuka, ukiongozwa na Abushiri bin Salim upande wa Pangani na Bagamoyo, na Bwana Heri huko Saadani.

Si kweli kwamba watu walipigania rangi ya nguo. Kulikuwa na ushuru, ardhi, biashara ya misafara na heshima ya watu wa mjini. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995, ameonyesha jinsi mizizi ya vita hivyo ilivyokuwa pia ndani ya miji yenyewe, katika mivutano kati ya wenye vyeo na wasio navyo. Lakini mambo hayo yote yalikusanyika kwenye mlingoti, kwa sababu bendera ni hati inayosomwa na asiyejua kusoma. Bendera ya Sultani ilikuwa nyekundu tupu. Mshonaji yeyote aliweza kuikata. Bendera ya shirika ilikuja ndani ya sanduku, imekatwa na kushonwa kwingine, kwa kipimo cha kwingine. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, na mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahamishwa kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam.

Linganisha na bendera tunayoipandisha leo. Bendera ya Jamhuri ya Muungano, iliyopatikana mwaka 1964 kwa kuunganisha rangi za Tanganyika na za Zanzibar, ni miongoni mwa bendera ngumu kwa mkataji. Utepe mweusi wenye kingo za njano hupita mshazari, kutoka pembe ya chini upande wa mlingoti hadi pembe ya juu upande wa pili. Kitambaa kikikatwa sambamba na uzi hutulia. Kikikatwa mshazari hutanuka mikononi mwa mshonaji. Kama meza haina pembe sahihi, kosa dogo la kwenye kona moja huonekana maradufu kwenye kona ya pili, na bendera hukunjamana katikati. Msomaji akipita mbele ya ofisi za kata na shule, atazame. Ataziona bendera ambazo utepe wake hauangukii pembeni. Sina haja ya kumlaumu mshonaji. Namuuliza aliyemwagiza: ulimwezesha kwa meza gani?

Kutoka brashi hadi mashine

Baada ya uhuru, dola changa ilizungumza na wananchi kwa redio, kwa mikutano na kwa kitambaa. Kampeni za miaka ya 1970, kama Mtu ni Afya ya mwaka 1973, zilifika vijijini kwa njia hizo. Kiwanda cha Urafiki kilichofunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China kilifuma pamba ya nchini. Kwa kipindi kifupi iliwezekana pamba, ufumaji, rangi ya brashi na mkono wa mwandishi wa bango vyote viwe vya hapa. Niliyaona mabango ya namna hiyo shuleni: nguo nyeupe imetandazwa juu ya madawati yaliyosogezwa pamoja, mistari imechorwa kwa penseli na uzi, na mwalimu wa sanaa ameinama juu ya herufi kwa saa nyingi. Hapakuwa na meza. Madawati yalikuwa meza.

Ufundi huo wa brashi ulikuwa na matawi mengi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya mraba vya hadibodi, na alipofariki mwaka 1972 alikuwa ameacha mtindo unaobeba jina lake duniani. Vifaa vyake vilikuwa vilevile vya mwandishi wa vibao vya maduka. Bagamoyo nayo ilipata Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na tamasha lake la kila mwaka limekuwa likihitaji mapazia, mandhari za jukwaani na mabango tangu mwanzo.

Vyama vingi viliporejeshwa mwaka 1992, na uchaguzi wa kwanza wa mfumo huo ukafanyika mwaka 1995, mahitaji ya bendera na mabango yaliongezeka ghafla. Kisha zikaja mashine kubwa za kuchapa. Leo bango ni plastiki iliyochapwa, stika ni plastiki yenye gundi, na vyote huja vikiwa vimeviringishwa katika majora kutoka ng'ambo. Historia ina kejeli yake: tumerudi kwenye jora lililoshuka melini, kama enzi ya merikani. Wino unatoka nje, mashine inatoka nje, programu ya kupangia herufi inatoka nje. Kinachobaki mikononi mwa fundi wa Bagamoyo, Mapinga au Tegeta ni kukata, kupinda, kutoboa vishimo vya kamba na kubandika. Hatua hiyo ya mwisho inafanyika juu ya nini? Mara nyingi, sakafuni.

Meza ya karakana moja

Mwaka jana nilipata bahati ya kufuatilia, kwa wiki kadhaa, kazi ya kuunda meza ya kukatia kwa ajili ya karakana moja ya mabango mjini Bagamoyo. Mwenye karakana ni mama wa makamo ambaye hukata kwa mikono yake mwenyewe. Fundi ni mzee aliyelelewa katika familia ya waunda mashua, ambaye siku hizi hutengeneza zaidi vitanda na milango. Wote wawili wamenitaka nisiwataje majina, nami natii.

Mama huyo alikuwa amechoka kukata sakafuni. Magoti yalimuuma, na sakafu ya Bagamoyo haikosi mchanga hata ukifagia mara tatu kwa siku; chembe moja ikikaa chini ya stika, wembe huruka na herufi hupasuka. Alikuwa ameulizia meza zilizotengenezwa tayari. Zile za ofisini zilikuwa fupi na nyembamba. Zile za kiwandani hasa, zenye reli na rula zake, bei yake ilimshinda. Akamwendea fundi.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa cha hesabu. Plaiwudi huuzwa kwa futi 4 kwa 8, yaani sentimita 122 kwa 244. Stika aliyozoea kununua ina upana wa sentimita 137. Ubao wa dukani ni mwembamba kuliko jora kwa sentimita 15. Hapo ndipo meza yoyote ya kununua au ya kubahatisha inaposhindwa: ubao umetengenezwa kwa desturi moja ya dunia, jora kwa desturi nyingine, na wa kulipa tofauti ni mkataji. Fundi aliamua meza iwe na urefu wa mita 3 na upana wa mita 1.5. Akalaza plaiwudi kwa upana, vipande viwili vya sentimita 122 na cha tatu cha sentimita 56, vyote vimekatwa urefu wa sentimita 150. Mabaki yakawa rafu ya chini.

Kwa nini mita 1.5 na si 2? Nilipouliza, fundi hakunijibu kwa maneno. Alimwomba mama asimame ubavuni mwa meza, ainame kidogo, anyooshe mkono. Vidole vyake vilifika katikati, sentimita 75 hivi. Akazunguka upande wa pili, vikafika palepale. "Meza ikizidi hapo, Mwalimu, atalazimika kuipanda juu," alisema. "Na akipanda juu si meza tena, ni kitanda." Mkono uleule ambao katika soko la karne ya 19 ulikuwa chanzo cha ugomvi, hapa ulirudi ukiwa kipimo cha haki: mkono wa mfanyakazi mwenyewe.

Urefu wa kwenda juu ulipatikana kwa njia hiyohiyo. Alikunja kiwiko, fundi akapima kutoka sakafuni, kisha akatoa shibiri moja. Ikawa sentimita 88. Hapo palizuka mjadala ambao naukumbuka kuliko yote. Karakana ina kijana msaidizi, mrefu, ambaye alilalamika kwamba mgongo wake utakwisha. Fundi akauliza swali moja: nani husimama hapa kwa saa nyingi zaidi? Jibu lilikuwa mama. Basi meza ikawa ya mama, na kijana akatengenezewa vigogo vinne vya kuinulia ubao mdogo wa pembeni kwa sentimita 5, atakaoutumia kwa kazi zake za kutoboa na kufunga kamba. Nimehudhuria vikao vingi vya kamati vilivyotumia siku nzima bila kuuliza swali hilo.

Miguu ilikuwa sita, ya mtiki, mti unaopandwa katika mashamba ya serikali kama Longuza wilayani Muheza. Fundi aliichagua kwa sababu hewa ya chumvi huoza mbao laini na mchwa huzimaliza. Mbao ziliachwa bandani zikauke kwanza. Viungo vilikuwa vya ulimi na tundu, na pale alipolazimika kutumia skrubu za kukazia plaiwudi, alitoboa matundu marefu kidogo kuliko skrubu, ili mbao zipate nafasi ya kutanuka wakati wa masika na kunywea wakati wa kiangazi bila kuupinda uso wa meza.

Kisha likaja suala la pembe. Kwa muunda mashua hili ni jambo geni, naye alilisema bila haya. "Mashua haina pembe ya skwea hata moja. Ukiipa pembe, bahari itaikataa. Meza hii ni pembe tupu." Skwea yake ya chuma ilikuwa ndogo mno kwa fremu ya mita 3, hivyo akatumia uzi: sentimita 90 upande mmoja, 120 upande wa pili, na umbali kati ya ncha hizo ukawa 150 kamili. Halafu akapima mshazari mara mbili, kona kwa kona. Meza ya 150 kwa 300 inapaswa kutoa sentimita 335 na nukta 4 kwa kila mshazari. Mara ya kwanza milimita 6 zilitofautiana. Alilegeza kiungo kimoja, akasukuma, akapima tena. Kazi hiyo ilichukua alasiri nzima, na mpita njia asingeona tofauti yoyote kati ya meza ya asubuhi na meza ya jioni.

Uso wa meza ulikuwa wa maafikiano. Kioo kinene hakichimbiki na stika hutulia juu yake, lakini humaliza makali ya wembe upesi. Mpira huhifadhi makali, lakini haufai kwa herufi ndogo. Wakagawana: mita 1.5 za kioo cha milimita 10, mita 1.5 za mpira wa milimita 4. Ili nyuso zilingane, chini ya mpira fundi aliweka tabaka mbili za hadibodi, kila moja milimita 3. Nne na sita ni kumi. Rula ndefu ilikuwa kipande cha alumini ya madirisha, chenye ukingo ulionyooka na mgongo ulioinuka unaokinga vidole. Mwishoni mwa meza, juu ya vigogo viwili vilivyochongwa kama mwezi mchanga, lililazwa bomba la maji la kushikia jora, nalo huzunguka kwa kuvutwa kwa mkono mmoja.

Kazi ilipokwisha niliangalia bango la kwanza likikatwa. Ilikuwa kazi ndogo, bango la harusi. Mama alivuta jora, akalaza rula, akapitisha wembe mara moja, na ncha zikakutana. Hakusema neno. Aliokota kipande kilichobaki, akakikunja, akakiweka kwenye rafu.

Meza na siasa

Yamkini baadhi ya wasomaji watauliza: haya yanatuhusu nini sisi wanafunzi, wanaharakati na watumishi? Naona yanatuhusu kwa njia tatu.

Kwanza, yanahusu elimu. Ujuzi niliouona katika karakana ile ni elimu kamili: hesabu ya pembe, tabia ya mbao katika unyevu, afya ya mfanyakazi, uchumi wa mabaki. Tunayo SIDO tangu mwaka 1973, vyuo vya maendeleo ya wananchi tangu mwaka 1975, na VETA tangu miaka ya 1990, na vyote vimefanya kazi ya kushukuriwa. Hata hivyo mzee yule hana cheti, na kijana anayejifunza kwake hatakuwa nacho. Akiondoka, kanuni yake ya kiwiko kutoa shibiri itaondoka naye, kama zilivyoondoka kanuni za waliopima merikani. Mwanafunzi wa historia anayelalamika kwamba nyaraka za pwani zimekwisha, achukue daftari aende Bagamoyo. Nyaraka nyingine zinatembea kwa miguu.

Pili, yanahusu ununuzi wa umma. Mwaka 2016 nchi nzima ilishughulika na kampeni ya madawati, nayo ilitufundisha kwamba mafundi wa wilayani wanaweza kutengeneza samani kwa wingi wakiagizwa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inatoa upendeleo kwa wazawa na makundi maalumu, na maombi sasa hupita katika mfumo wa kielektroniki wa NeST. Nia ni njema. Lakini fundi ambaye hana simu janja wala mtu wa kumwandikia maombi haonekani katika mfumo. Zaidi ya hapo, maelezo ya mahitaji huandikwa kwa kunakili katalogi: meza moja, urefu huu, rangi hii. Hakuna safu inayouliza atakayeitumia ana kimo gani na atasimama kwa saa ngapi. Ofisa ununuzi anayesoma makala haya anao uwezo wa kuliongeza swali hilo kesho asubuhi bila kusubiri sheria mpya, na kulijibu kunahitaji fundi aliye karibu, anayeweza kuja na futikamba.

Tatu, yanahusu kile tunachokining'iniza. Tarehe 1 Juni 2019 tulipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, na mitaa yetu ilipata nafuu ya wazi. Bango la plastiki halikuguswa. Kila semina, kila uzinduzi, kila ziara ya kiongozi huacha nyuma mita kadhaa za plastiki zenye tarehe iliyokwisha. Mwanaharakati anayeandamana kwa ajili ya mazingira chini ya bango la namna hiyo ana la kutafakari, na ofisi inayolichapisha vivyo hivyo. Bango la kitambaa hufuliwa, hugeuzwa, huandikwa upya. Lisipofaa tena, hugeuka mfuko au dekio. Kwa bango la kudumu kama la jina la ofisi, plastiki ina hoja yake. Kwa bango la siku moja haina. Na kurudi kwenye kitambaa kutarudisha kazi mikononi mwa wakataji, washonaji na waandishi wa brashi, ambao wapo, na wengi wao wanasubiri kuulizwa.

Sidai kwamba meza moja itaiokoa Bagamoyo. Mji huu umeahidiwa makubwa zaidi: bandari ya Mbegani ilitiwa saini mwaka 2013, ikasimamishwa mwaka 2019, na kando ya barabara ya kutoka Dar es Salaam vibao vya viwanja vinavyouzwa na visivyouzwa vimeota kuliko minazi. Vibao hivyo navyo vilikatwa na mtu. Yawezekana ahadi kubwa zitatimia. Lakini historia ya pwani hii inatufundisha kuwa waangalifu na kitu chochote kinachokuja kimekwisha kukatwa kwa kipimo cha kwingine, iwe bendera ndani ya sanduku, iwe mpango ndani ya faili. Swali la kuuliza mbele ya vitu hivyo ni lile la mzee wa Bagamoyo: nani atasimama hapa kwa saa nyingi zaidi? Akishajulikana, apimwe yeye, kisha ndipo ubao ukatwe.